Charcot na kiti kinachotikisika: kwa wewe unayemlea mzee mwenye mikono inayotetemeka

Mama, dada, au yeyote unayemlea mzee ambaye chai inamwagika kabla kikombe hakijafika mdomoni, makala hii ni yako. Siku hizi huku kwetu Kilimatinde naulizwa sana kuhusu mashine za sumaku na umeme ambazo watu wamesikia zinatuliza kutetemeka bila dawa wala kisu. Sehemu ya habari hizo ni utafiti wa kweli unaofanywa na madaktari. Sehemu nyingine ni biashara tu, na inakula mbuzi wa watu. Ili uweze kuzitofautisha, nitakusimulia maisha ya daktari mmoja wa Paris, Jean-Martin Charcot, aliyefariki mwaka 1893. Yeye ndiye aliyewafundisha madaktari kumtazama vizuri mtu anayetetemeka. Alijaribu pia kumtibu kwa mashine ya kutikisa mwili. Na katika jambo moja kubwa, pamoja na akili yake yote, alidanganyika.

Charcot alizaliwa Paris tarehe 29 Novemba 1825. Baba yake alikuwa fundi wa kutengeneza magari ya kukokotwa na farasi. Kumbuka kazi hiyo ya baba, itarudi mbele. Familia haikuwa maskini wa kutupwa, lakini haikuwa na fedha ya kusomesha watoto wote hadi juu. Inasimuliwa kwamba baba aliwaambia wanawe kuwa atakayefanya vizuri darasani ndiye atakayeendelea na masomo, na Jean-Martin akashinda. Alikuwa mtoto mkimya, mwenye kipaji cha kuchora, na kwa muda alifikiria kuwa msanii. Alichagua udaktari, lakini kuchora hakukuacha. Maisha yake yote aliwachora wagonjwa: jinsi mgongo ulivyopinda, jinsi vidole vilivyokunjika, jinsi uso ulivyokosa tabasamu. Mtu anayechora hulazimika kutazama kwa muda mrefu, na kutazama ndiko kulikomfanya awe Charcot.

Alimaliza shahada yake ya udaktari mwaka 1853, na mwaka 1862 akapewa kazi ya daktari mkuu katika hospitali ya Salpêtrière. Usidhani ilikuwa kazi ya kuonewa wivu. Mahali pale palikuwa kiwanda cha baruti zamani, kisha tangu mwaka 1656 pakawa makao ya wanawake maskini: wazee wasio na watoto, wenye kifafa, waliopooza, waliochanganyikiwa, waliotupwa na ndugu. Wakati wa Charcot waliishi humo wanawake wapatao 5,000. Madaktari vijana wenye tamaa ya jina walipapita haraka kuelekea kwingine. Charcot alirudi kwa hiari. Aliona kwamba mahali ambapo wagonjwa wa mishipa ya fahamu wamekaa miaka na miaka, daktari anaweza kuufuatilia ugonjwa tangu dalili ya kwanza hadi mwisho, badala ya kumwona mgonjwa mara moja na kumpoteza.

Akiwa na rafiki yake daktari Vulpian, walikwenda kitanda kwa kitanda, wodi kwa wodi, wakiandika kila walichokiona. Mgonjwa alipofariki, waliuchunguza ubongo na uti wa mgongo ili kulinganisha na walichokiandika alipokuwa hai. Kwa njia hiyo Charcot aliweza kueleza magonjwa ambayo kabla yake yalikuwa yamechanganywa kwenye kapu moja. Mengine bado yana jina lake.

Kutetemeka kulikuwa kwenye kapu hilo. Kila anayetetemeka aliitwa mgonjwa wa kutetemeka, basi. Charcot akauliza swali ambalo hata wewe unaweza kuliuliza jikoni kwako: anatetemeka wakati gani? Aliona kuna wanawake ambao mkono unatetemeka ukiwa umetulia mapajani, na wakinyoosha kuchukua kitu unatulia kidogo. Kuna wengine ambao mkono umetulia kabisa ukiwa mapajani, lakini wakijaribu kuchukua kijiko ndipo unaanza kuyumba, na unazidi kadiri kijiko kinavyokaribia mdomo. Kundi la kwanza lilikuwa na ugonjwa tunaouita leo Parkinson. Kundi la pili, wengi wao walikuwa na ugonjwa mwingine unaoharibu utando unaofunika mishipa ya fahamu, uitwao maltipo sklerosisi, ambao Charcot aliueleza kwa kina mwaka 1868.

Alikuwa na njia zake za kufundisha. Aliwaleta wagonjwa mbele ya wanafunzi wakiwa wamevaa kofia zenye manyoya marefu ya ndege. Manyoya yalionyesha hata mtetemeko mdogo wa kichwa ambao jicho la mtu aliyekaa nyuma ukumbini lisingeuona, na kila ugonjwa uliyachezesha kwa namna yake. Inasimuliwa pia kwamba nyumbani kwake alimwajiri msichana wa kazi aliyekuwa anatetemeka, ili amwangalie kila siku. Sahani zilivunjika nyingi, familia ikalalamika, yeye akamweka tu. Mwishowe msichana yule alilazwa Salpêtrière, na alipofariki uchunguzi ukaonyesha ugonjwa gani hasa ulikuwa unamtetemesha. Binafsi sijui nimwonee nani huruma zaidi, msichana au mama mwenye sahani.

Swali la Charcot lina faida kwako leo. Mkalishe mzee, aweke mikono mapajani, umpe hadithi nyingine ili asiufikirie mkono, kisha utazame. Baadaye mwambie anyooshe mikono mbele. Halafu mpe kikombe chenye maji nusu. Mtetemeko wa Parkinson mara nyingi huanza upande mmoja, huonekana zaidi mkono ukipumzika, vidole vikienda kama mtu anayesokota uzi. Tena haji peke yake: mzee anakuwa mzito kunyanyuka, hatua zinakuwa fupi za kuburuta, sauti inashuka, mwandiko unakuwa mdogo, uso unakosa mabadiliko hadi watu wanadhani amekasirika. Kuna mtetemeko mwingine, wa kawaida kuliko wa Parkinson, ambao hutokea mikono yote miwili mtu anaposhika kitu, na mara nyingi baba au shangazi yake naye alikuwa nao. Huo hauleti uzito wa mwili namna ile, na dawa zake ni tofauti kabisa. Mwambie mzee achore duara la konokono mchangani kwa kijiti. Mchoro huo unasema mengi.

Usisahau pia sababu nyingine. Tezi ya shingoni ikifanya kazi kupita kiasi hutetemesha mikono na kupunguza mwili. Vidonge vya salbutamol vya pumu hutetemesha. Dawa za magonjwa ya akili kama haloperidol zinaweza kumfanya mtu afanane na mwenye Parkinson kabisa, lakini usizisimamishe wewe mwenyewe, njoo kwanza. Na mtu aliyezoea wanzuki au pombe kali kila siku akaacha ghafla, asubuhi hutetemeka, na hali hiyo inaweza kuwa ya hatari.

Kwa kuwa wengi mnaosoma hapa mna watoto wachanga, niseme na hili. Mtoto mchanga anayetetemeka mkono au kidevu, ukiushika mkono taratibu na kuukunja, mtetemeko ukakoma, mara nyingi si degedege. Mkono ukiendelea kuruka ndani ya kiganja chako, au macho yakageuka upande mmoja, hiyo ni dharura. Na hata kama umekoma, mtoto asiyenyonya vizuri, mwenye joto kali au mwili wa baridi, au aliyelegea, mlete siku hiyo hiyo. Huenda sukari yake imeshuka.

Turudi Paris. Ugonjwa ule wa kundi la kwanza ulikuwa umeandikwa mara moja kabla, mwaka 1817, na daktari wa London aitwaye James Parkinson. Kijitabu chake kilieleza watu sita tu, baadhi yao aliwaona wakipita barabarani. Watu karibu wakisahau. Charcot alikitafuta hadi akakipata kutoka Manchester, akakisoma, akaona ukweli uliomo na mapungufu yaliyomo. Jina lililotumika wakati huo lilimaanisha kupooza kwa kutetemeka. Charcot alisema halifai, kwa sababu wagonjwa hawa hawajapooza, na wengine hawatetemeki kabisa bali wamekakamaa tu. Akapendekeza ugonjwa upewe jina la Parkinson, ambaye alikuwa amekwishafariki tangu 1824. Angeweza kujipa yeye sifa hiyo.

Kwa matibabu alikuwa na kidogo sana. Dawa aliyotumia ilitoka kwenye mimea yenye sumu, jamii moja na mnanaha, ule wenye maua meupe kama tarumbeta unaoota kando ya njia. Ilipunguza kutetemeka kiasi, ikikausha mdomo. Vidonge ambavyo wengi mnavijua kwa jina la Artane vinafanya kazi kwa njia inayofanana na ile, na ndiyo maana kwa wazee tunavitumia kwa tahadhari: vinaweza kumchanganya mtu akili, akaanza kuona vitu ambavyo havipo. Tafadhali asije mtu akachemsha mnanaha kwa sababu nimeutaja. Unaua.

Jina la Charcot likakua. Mwaka 1882 serikali ya Ufaransa ilianzisha kwa ajili yake nafasi ya profesa wa magonjwa ya mishipa ya fahamu, jambo ambalo halikuwa limewahi kufanyika. Madaktari walitoka nchi nyingi kuja kumsikiliza; kijana Sigmund Freud alifika kutoka Vienna mwaka 1885. Nyumbani aliishi vizuri na mke wake Augustine, aliyekuwa mjane alipomuoa, na watoto wao wawili. Mwana wao Jean-Baptiste naye alisomea udaktari, kisha akageuka kuwa msafiri wa baharini hadi kwenye barafu za kusini ya dunia. Charcot aliwapenda wanyama, alifuga hata tumbili nyumbani. Kwa watu alikuwa mgumu: alimtazama mgonjwa kimya kwa muda mrefu, akampima, akatazama tena, na mara nyingine mgonjwa akaondoka bila kuambiwa mengi. Hilo la mwisho mimi sitaki ulivumilie kwa mtoa huduma yeyote. Uliza.

Sasa tufike mahali alipojikwaa, maana hapa ndipo panapokuhusu zaidi.

Miongoni mwa wanawake wa Salpêtrière walikuwepo waliopata kupooza, kutetemeka au kuanguka, lakini ubongo wao ulipochunguzwa haukuonyesha jeraha lolote. Ugonjwa huo uliitwa histeria. Haikuwa kuigiza. Mwili wao kweli haukutii. Mwaka 1876 Charcot alikuwa katika kamati iliyochunguza madai ya daktari mwenzake kwamba kuweka vipande vya metali mwilini kunarudisha hisia zilizopotea. Wakaweka metali, wakaweka sumaku, wakapitisha umeme mdogo. Mgonjwa aliyekuwa hahisi mkono wa kulia akaanza kuhisi, na ganzi ikahamia mkono wa kushoto. Charcot aliamini sumaku ndiyo iliyofanya kazi. Alitumia pia njia ya kumtuliza mtu kwa maneno hadi awe kama amelala, mbele ya ukumbi uliojaa watu, na dalili zikaja na kuondoka kama alivyotarajia.

Daktari mwingine, Bernheim wa mji wa Nancy, alitazama mambo hayo hayo akasema kinachofanya kazi hapo ni matarajio. Wanawake wale waliishi miaka ndani ya hospitali ile, walimjua profesa anataka kuona nini, walisikia wanafunzi wakizungumza juu ya vitanda vyao. Mwili ulifuata. Baada ya muda ilionekana wazi kwamba Bernheim alikuwa karibu zaidi na ukweli. Daktari aliyeweza kutofautisha mitetemeko miwili kwa manyoya ya kofia hakuweza kutofautisha kazi ya sumaku na kazi ya matumaini.

Na bado hakuacha kutazama. Kwa miaka mingi wagonjwa wa Parkinson walikuwa wakimweleza jambo la ajabu: wakisafiri safari ndefu kwa treni au kwa gari la farasi, wanashuka wakiwa wepesi, wamenyooka, na nafuu hiyo inakaa kwa muda. Kadiri barabara ilivyokuwa mbovu ndivyo walivyojisikia vizuri. Daktari mwingine angecheka. Charcot, mtoto wa fundi magari, aliamua kutengeneza gari lisilokwenda popote. Mwaka 1892 alieleza kiti chenye mota ya umeme kilichomtikisa mgonjwa mwili mzima kwa haraka, nusu saa kwa siku. Wagonjwa walisema wanainuka wakiwa na viungo vyepesi na usiku wanalala vizuri zaidi. Mwanafunzi wake Gilles de la Tourette akaenda mbali zaidi: akatengeneza kofia ya chuma yenye mota ndogo juu, ikitikisa fuvu lenyewe, kwa nia ya kuufikia ubongo bila kuupasua. Alikusudia kutibu maumivu ya kichwa na huzuni. Ukiona picha ya kofia ile utadhani ni ya mchezo wa kuigiza, lakini wazo lake liko hai hadi leo.

Charcot hakupata nafasi ya kujua kama kiti chake kinafanya kazi. Tarehe 16 Agosti 1893, akiwa safarini na rafiki zake karibu na ziwa la Settons, moyo wake ulishindwa usiku. Alikuwa na miaka 67. Kiti kikasahaulika.

Kilisubiri zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 2012 madaktari wa Chuo Kikuu cha Rush, Chicago, walichapisha jaribio walilolifanya kwa namna ambayo Charcot hakuifanya. Waligawanya watu wenye Parkinson makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja walikaa kwenye kiti kinachotikisika huku wakisikiliza sauti za kutuliza, nusu saa kila siku kwa mwezi. Kundi la pili walikaa kwenye kiti cha kustarehe wakisikiliza sauti zile zile, bila kutikiswa. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na nafuu ya aliyetikiswa haikuzidi ya yule ambaye hakutikiswa. Kupumzika, kusubiriwa na mtu, kutumaini: hivyo vilitosha kuleta kile kilichoonekana. Usilidharau hilo, maana Parkinson ni upungufu wa kemikali ya ubongo iitwayo dopamini, na matumaini yenyewe yanaweza kuifanya ipande kwa muda. Lakini huwezi kuuza mbuzi watano kwa kiti ambacho kinafanya kazi sawa na mkeka na redio. Wala usimpandishe mzee bodaboda hadi Manyoni kwa kuwa matuta ni dawa. Akianguka akavunjika nyonga, tumeongeza ugonjwa.

Na hizi mashine za leo? Ziko za kweli. Mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake wa Sheffield, Uingereza, walionyesha kwamba koili ya waya ikishikwa juu ya kichwa na kupitishiwa umeme mkali wa kufumba na kufumbua, inatoa nguvu ya sumaku inayopenya fuvu bila maumivu makubwa na kuamsha umeme kidogo ndani ya ubongo. Ukiielekeza sehemu inayoongoza mkono, kidole kinaruka. Hakuna kisu, hakuna usingizi wa dawa. Mtu amekaa kitini macho wazi akisikia mlio wa tak tak tak. Ikirudiwa kila siku kwa wiki kadhaa, inaweza kubadilisha kazi ya sehemu ile ya ubongo kwa muda. Marekani iliiruhusu kutibu sonona mwaka 2008. Kwa Parkinson, tafiti zimeonyesha nafuu ya wastani kwenye wepesi wa mwili kwa baadhi ya watu. Kwa kutetemeka kwenyewe majibu hayalingani.

Njia nyingine ni kubandika vipande viwili vyenye unyevu kichwani na kupitisha umeme mdogo sana. Mwaka 2013 watafiti wa Oxford waliupima kwanza mdundo wa mtetemeko wa mgonjwa, kisha wakapitisha umeme unaopanda pale mdundo unaposhuka. Ni kama watu wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja. Mmoja akivuruga zamu, mwingine hawezi kuendelea. Mtetemeko ulipungua karibu nusu wakati umeme ukipita. Walikuwa wagonjwa wachache, ndani ya maabara, na hadi leo si tiba unayoweza kuandikiwa kama vidonge.

Hata hizo za kweli si za kila mtu. Mwenye kifafa, mwenye chuma kichwani baada ya upasuaji au ajali, mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, asiwekewe sumaku hiyo kabla ya daktari bingwa kuamua. Mashine ya kweli inatumiwa hospitalini na mtu aliyesomea, baada ya ugonjwa kutambuliwa kwa jina. Anayekuja na begi nyumba kwa nyumba, au anayekushikisha kijiti chenye waya na kukutolea karatasi ya magonjwa ishirini, kisha akakuuzia bangili ya sumaku, huyo hajaugusa ubongo wa mtu. Muulize maswali mawili: mashine hii inatibu ugonjwa gani mmoja, na waliopewa mashine iliyozimwa walipataje? La pili litamkimbiza.

Tiba iliyothibitishwa zaidi kwa Parkinson bado ni kidonge. Levodopa, iliyoanza kutumika kwa mafanikio miaka ya 1960, hugeuka kuwa dopamini ndani ya ubongo. Haiponyi, lakini inamrudishia mtu mikono na miguu yake kwa saa kadhaa kila dozi. Inafanya kazi vizuri ikimezwa kama nusu saa kabla ya chakula, kwa sababu nyama, maharage na maziwa huizuia isipite vizuri. Isikatishwe ghafla hata siku moja ya sikukuu. Na kuna wanaosema upupu unatibu. Mbegu zake kweli zina levodopa, lakini kiasi hakijulikani kwenye kiganja chako, na ukichanganya na vidonge mzee anaweza kuzidishiwa. Kama ameanza kuzitumia, niambie tu, sitagomba.

Hapa Tanzania kazi ya kwenda kitanda kwa kitanda ilifanyika pia, ila ilikuwa nyumba kwa nyumba. Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, timu ya Watanzania na madaktari kutoka Uingereza iliuliza kwenye kaya zenye watu 161,071, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Walipata watu 33 wenye Parkinson. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Mazungumzo yaliyofuata na familia yalionyesha kwamba wengine walidhani ni uzee tu, wengine wamerogwa, na fedha zilikuwa zimekwenda kwa waganga. Miaka yote hiyo kidonge kilikuwepo duniani.

Kwa hiyo, kwa mzee wako. Muda wa wiki moja andika, au mwambie mjukuu akuandikie: mkono gani ulianza, lini, unatetemeka ukipumzika au ukishika kitu, ameanguka mara ngapi, analala vipi, choo kinapatikana, anakunywa nini. Kama una simu yenye kamera, mpige video fupi akitembea na akinywa maji. Fika nayo zahanati au hospitali yetu. Kama tukiona ni lazima, tutakuandikia rufaa ya Dodoma, hospitali ya Benjamin Mkapa, au Muhimbili. Kutetemeka kulikoanza ghafla pamoja na mdomo kwenda upande, mkono kulegea au maneno kupotea hakungoji wiki wala daftari. Njoo saa hiyo hiyo, huenda ni kiharusi. Na vidonge vyote anavyomeza sasa, pamoja na vya presha, vya pumu na vile vya kununua dukani, viweke kwenye mfuko mmoja uje navyo.